Mapipa Tisa ya Gesi

Simuleta ile, mashine ya kuigiza kazi ya mtambo, ilikuwa katika chumba kisicho na dirisha, kwenye chuo kimoja cha ufundi huko Changamwe: kiti chenye mikono miwili ya kuongozea, skrini pande tatu, na sakafu iliyotikisika kama ya mtambo wa kweli wa kuchimba visima vya gesi. Alawiya, binti wa muuza vitambaa, alikuwa na shahada ya uhandisi lakini hakuwahi kugusa mtambo wowote. Siku hiyo ikawa zamu yake.

Alichimba vizuri hadi mita elfu tatu. Hapo kipimo cha tangi la tope kikapanda kidogo. Tope hilo husukumwa kisimani kwa pampu ili lipoze keekee, ncha inayokata mwamba, na kuikandamiza gesi isitoke. Likirudi jingi kuliko lililoshuka, kuna kitu kinalisukuma.

"Kipimo hiki kibovu," Alawiya alisema.

Mwalimu Kioko, aliyefanya kazi miaka kumi na tisa katika mitambo ya baharini, alimwacha aamini hivyo.

Alawiya akaendelea kuchimba. Dakika nne baadaye sakafu ilinguruma, king'ora kikalia, tope kwenye skrini likaruka hadi kileleni mwa mnara wa mtambo, na skrini zote zikajaa moto. Alawiya akaruka kutoka kitini, mikono usoni.

Kioko alizima king'ora. "Umeua watu kumi na wanne," alisema taratibu. "Bahati yao hawapo. Kaa tena."

"Wallahi siwezi, mwalimu. Naogopa."

"Ndiyo maana nataka ukae."

Akakaa. Safari hii kipimo kilipanda mapema, bila onyo. Aliinua keekee, akazima pampu, akatazama. Pampu zimezimwa, na tope bado latoka! Akafunga vali kubwa ya mdomo wa kisima. Kelele zote zikakatika. Kisha mshale wa presha ukaanza kupanda, ukapanda, ukasimama.

"Ni nini hiyo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo gesi yenyewe. Imefungiwa mwambani tangu kabla hapajawa na mtu duniani. Sasa iko mikononi mwako."

Kuitoa salama kulihitaji saa tatu, na Kioko alikataa kuiharakisha simuleta. Alawiya alilegeza na kukaza vali ndogo, unywele kwa unywele, huku gesi ikipanda na kutanuka. Wanafunzi wenzake sita walikuwa wamemaliza zamu zao, lakini hakuna aliyetoka.

Hatimaye gesi ikafika juu, ikateketea kwenye ncha ya bomba refu mbali na mtambo.

"Subhanallah," Alawiya alinong'ona. "Iliingia kisimani kiasi gani?"

"Mapipa tisa."

"Tisa tu?"

Kioko aliitikia kwa kichwa. Alawiya akageukia mchoro wa mwamba kwenye skrini ya pembeni. Chini ya keekee, rangi ya gesi iliyobaki mwambani ilienea kushoto na kulia, ikapita ukingo wa skrini.