Kidonge cha Kihonda, Kidonge cha Kinole

Mie kwenye dawa za mume wangu sina mchezo. Kibwana ana presha, anatakiwa kidonge kimoja kwa siku, basi. Pakiti naiweka juu ya kabati, kalenda nimeitundika pembeni, kila akimeza natia alama kwa kalamu nyekundu. Vikibaki saba tu, huyoo nakwenda zahanati kuchukua vingine. Mwaka wa nne huu, havijawahi kuniishia hata siku moja. Nani aje aniambie sijui kutunza mume?

Maana kuna mwingine anayemtunza. Zuhura, bi mdogo, yuko huko milimani Kinole. Kibwana anakaa kwake siku tatu, anarudi kwangu hapa Kihonda siku tatu. Mie na huyo Zuhura mwaka wa kumi na moja hatusemeshani. Tukikutana msibani ni salamu tu, tena ya midomo. Kwa hiyo siku ya kuondoka namfungia mzee vidonge vitatu kwenye karatasi, navitia mfukoni mwa shati, na kila jioni nampigia simu. "Umemeza?" "Nimemeza, mama Nasibu." Natia alama. Nimwachie yule mwanamke kazi hiyo? Thubutu!

Tangu masika nikaona jambo. Mzee anatoka kwangu mzima, akirudi kutoka Kinole anapepesuka, macho mazito, akiinuka anashika ukuta. Nikajua tu, anamlimisha. Anampandisha kwenye migomba yake, mtu wa miaka sitini na nane! Nikasema siku moja nitapanda huko juu, atanitambua.

Sikuwahi kupanda. Alhamisi ile mchana mzee kafika kutoka mlimani, kainama mlangoni avue viatu, akaenda chini mzima mzima. Nilipiga yowe mtaa wote ukaja. Jirani yangu Dominiko akatupakia kwenye bajaji yake mpaka zahanati. Njia nzima nimemkumbatia kichwa, naomba, ee Mola, huyu usinichukulie.

Nesi Pendo akampima. Presha imeshuka vibaya. Mie nikakunjua kalenda, maana nilikuwa nimeibeba, nikamwonyesha alama moja moja. Akaitazama, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Babu, jana ulimeza vidonge vingapi?"

Kibwana akaniangalia mimi kwanza, kama mtoto aliyevunja sahani. "Viwili," akasema. "Nikiwa Kinole ni viwili. Asubuhi cha Zuhura, jioni cha mama Nasibu."

"Zuhura kapata wapi dawa?" nikauliza.

Hapo ndipo yakatoka. Mwanzoni mwa masika karatasi yangu ililowa mvua njiani, vidonge vikayeyuka, na mzee akaona haya kuniambia. Zuhura akaingiwa na hofu, akauza mdalasini wake, akaagiza pakiti mjini. Tangu siku hiyo kila asubuhi anamletea kidonge na kikombe cha maji, anasimama palepale mpaka ameze.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningefanyaje, mama Nasibu? Wewe umenifungia kwa mkono wako, yeye kanipa kwa mkono wake. Nimkatae nani?"

Pendo akainamisha uso kuficha kicheko. Mie sikucheka. Mume wangu alikuwa anakufa taratibu kwa kuogopa kutuudhi.

Walikaa naye mpaka presha ikarudi sawa, ndipo wakaturuhusu. Kidonge kimoja kwa siku, akasisitiza Pendo, asubuhi, na nyumba zote mbili zijue.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mzee kalala mkekani. Nikachukua simu yake, nikatafuta jina la Zuhura, kidole kinakataa kubonyeza. Kwa kweli maneno ya kumpasha nilikuwa nimeyapanga. Nikabonyeza.

"Shikamoo, dada," akasema nilipojitaja.

"Marahaba." Nikamweleza yote, zahanati, kuanguka, vidonge viwili. Upande wa pili nikasikia kilio.

"Kwa hiyo mie ndiye niliyetaka kumuua? Dada, mie kila nikiamka namgusa kwanza nione kama anapumua. Naogopa jamani. Naogopa atanifia mikononi huku mbali, na wewe hupo."

Maneno yangu yote ya kumpasha nikayaacha. Miaka yote hii nilidhani ni mie peke yangu ninayemgusa hivyo alfajiri.

"Hukutaka kumuua," nikamwambia. "Tumekosea wote wawili. Sasa sikiliza, mdogo wangu. Pakiti yako iweke hapo hapo. Akiwa kwako, kidonge cha asubuhi unampa wewe, mie sifungi tena kitu. Ila ukishampa unipigie, nitie alama. Na vikikaribia kuisha uniambie, nitakuchukulia huku zahanati."

"Nitakupigia, dada." Akavuta makamasi. "Lakini kweli amelala tu? Hunifichi kitu?"

"Amelala."

"Niapie."

Sikuapa. Nilipiga magoti pale mkekani, nikaiweka simu karibu na mdomo wa mzee, anakoroma zake pole pole, hana habari. Niliishikilia hapo mpaka mkono ukafa ganzi, na wala Zuhura hakukata.