Kiti Kisicho na Mtu

Saa moja asubuhi Felisian alifuta umande kwenye boriti ya kizuizi cha Bweri, akapiga ishara ya msalaba, akaanza kuhesabu viti. Petroli ilikuwa adimu mwaka ule, na kila gari binafsi lililoingia Musoma lilitozwa shilingi ishirini kwa kila kiti kisicho na mtu. Fedha hizo zingenunua basi la mji. Kibao cha kituo kilikwishasimikwa kando ya kibanda chake. Basi lilikuwa bado.

Wiki ya pili marehemu walianza kupanda magari.

"Marehemu naye ni mtu?" aliuliza Apolinary, mwenye Peugeot nyeupe, akicheka. Alikuwa amewabeba wanne, miguu yao imejaa vumbi.

Felisian alifikiri. Kwenye kisomo cha jioni mwalimu aliwafundisha kusema marehemu amekuja, si marehemu kimekuja.

"Ni mtu," alisema, akainua boriti.

Tangu hapo magari yote yaliingia yamejaa, na hakuna aliyelipa. Abiria hao walikuwa watu waliofia njiani, wakienda hospitali kwa miguu. Felisian aliwavulia kofia kama anayepita mbele ya altare. Alhamisi alimwona mkewe, Hyasinta, kwenye Peugeot, na kitenge kile kile alichofia nacho barabarani kule Makutano, uchungu wa uzazi umemshika, magari yakimpita matupu.

Ijumaa binti yao, Boke, alifika kizuizini akijikokota, mikono kiunoni.

"Baba, uchungu umeanza."

Peugeot ikasimama.

"Bwana Apolinary, nibebee mwanangu."

"Nimweke wapi, mzee? Gari limejaa. Si wewe mwenyewe unawahesabuga?"

Felisian alihesabu tena kwa kidole. Wanne. Alifumba macho, akaanza Salamu Maria. Alipofika "utuombee", mlango wa nyuma ulifunguka. Hyasinta alishuka, akampapasa bintiye tumbo, akamwingiza.

"Kaa dirishani, mwanangu. Kuna hewa."

"Na wewe?" Felisian alimuuliza mkewe.

"Mimi nimezoeaga kutembea."

Felisian alihesabu: wanne. Akainua boriti, akapiga magoti vumbini mpaka gari likapotea.

Hyasinta alisimama kidogo chini ya kibao cha kituo, akatazama upande wa Bunda, magari yalikotokea, kisha akajifunga kitenge vizuri, akashika njia ya hospitali.

Saa nne Boke alijifungua salama. Mama yake alikuwa bado njiani.