Picha Mbaya za Mama Cindy

Mume wangu Kahindi anaamini mimi sijui kabisa kupiga picha. Amewaambia ndugu zake, amemwambia mama yake, na Jumapili moja alimwambia mchungaji wetu pale mlangoni mwa kanisa, wote wakacheka, nami nikacheka. Sikucheka kwa adabu. Nilicheka kwa sababu kupiga picha mbaya kiasi kile ni kazi, na mimi nilikuwa nimeifanyia mazoezi.

Kahindi ni dereva wa lori. Hupakia kontena bandarini, akalipeleka hadi Malaba, akalala foleni ya mpakani siku mbili tatu, kisha akarudi. Tunaishi Kisauni, nyumba ya nyuma yenye vyumba viwili na kigeti chake, na aliichagua yeye ili nisizoeane na majirani. Siku aliyonileta aliniambia sharti lake kwa upole kabisa, huku akinisogezea sahani. Nikae nyumbani. Yeye akiwa safarini ataniomba picha saa yoyote, nami nitume papo hapo. Siku atakayonikosa nitarudi kwetu Ganze peke yangu, Cindy atabaki kwa bibi yake, mama wa Kahindi. Mahari alikwisha kuyamaliza, na wazee wa kwetu wakishapokea mahari hawamrudishi mtoto kwa mama. Hapo hata baba yangu asingefungua mdomo. Cindy ana miaka mitano.

Video haitaki. Anasema inamla bando, tena mtandao wa barabarani ni wa kukatikakatika. Anataka picha: mimi, ukuta wa sebuleni, na saa ya ukutani juu ya kichwa changu. Baadaye akaongeza vidole. "Nionyeshe vidole vitatu." "Leo vinne." Utadhani mwalimu wa chekechea.

Mwaka wa kwanza nilitii. Nilifagia uwanja nilioufagia asubuhi, nikafua nguo safi, nikakaa chini ya ile saa nikingoja simu ilie. Ikilia nilishtuka, isipolia nilishtuka zaidi. Nisiseme uongo, nilikuwa nakauka.

Lynnette nilimjua nilipompeleka Cindy kupigwa picha za kuanza shule. Ana studio Bamburi, chumba kimoja kando ya barabara. Kamera hana, ana simu, pazia jeupe na dirisha kubwa. Cindy aligoma kutazama simu. Nikamgeuza kidogo kuelekea dirishani, nikamwambia anihesabie maua ya pazia la jirani. Lynnette akapiga, akaitazama picha, kisha akanitazama mimi.

"We mama, nani alikufunza mambo ya mwanga?"

"Hakuna."

"Basi kuja kesho. Kuna wenye kuuza madera na viatu kwa mtandao, wamenijaa hapa mpaka nashindwa."

Nilijiambia nitaenda siku moja tu. Sasa ni mwaka na miezi minne. Kahindi akiwa safarini, mtoto akiingia shule saa mbili mimi naingia Bamburi, na saa saba natoka mbio kabla hajatolewa. Lynnette alinifunza kufuta lenzi kabla ya kila picha, maana simu hushinda mikononi na mafuta ya vidole ndiyo yanayotia ukungu. Alinikataza kuvuta picha kwa vidole viwili. "Miguu unayo, songa." Alinifunza kumgusa mtu usoni pale kwenye kioo ili simu ijue inamtafuta nani, na kutompa mteja jua mgongoni, asitoke mweusi kama chungu. Na programu za kuhariri, alisema, zitumike kama chumvi. Mlaji asijue imeingia, ajue tu chakula kimekolea.

Neno lake kubwa lilikuwa jingine. Kila picha ina watu wawili, anayepigwa na anayepiga. Wateja humwona mmoja. "Wewe zoea kumtafuta wa pili," aliniambia. "Angalia macho yanaenda wapi. Angalia vitu vinavyong'aa. Kijiko, kioo, sufuria. Mpigaji yuko hapo tu, ukimtaka utampata."

Nilipenda kazi ile. Nisipomhesabu mtoto wangu, sijawahi kupenda kitu namna ile.

Na Kahindi je? Kahindi nilimwekea akiba. Jumapili akiwa safarini, nikitoka kanisani na Cindy akilala mchana, niliteremsha saa ya ukutani, nikasogeza mishale, nikaipandisha tena. Saa tatu, vidole viwili. Saa nne na robo, vidole vitano. Simu niliiegemeza kwenye kopo la sukari, nikaipa sekunde kumi, nikakimbia kusimama. Nikabadili leso, nikafunga kitambaa, nikakifungua. Taabu ilikuwa jua. Alasiri huingia kwa mlango wa jikoni na kuangukia ukutani kama ufito wa njano, na saa tano ya asubuhi haina ufito huo. Basi nilikaa na simu nikiufuta kidogokidogo kwa kidole, nikaupoza ule unjano, mpaka alasiri ikawa asubuhi. Kahindi akiomba, nilikuwa nachagua tu, kama mtu aliyesimama mbele ya kabati la nguo. Leso moja aliiona mara tatu kwa wiki na hakusema kitu. Mwanamume wa namna hii hutazama saa, hatazami mke.

Ila siku moja nilijisahau. Nilikuwa nimesimama kando ya dirisha, mwanga umenilalia shavu moja, saa imekaa vizuri juu ya bega, na picha ikatoka nzuri. Nzuri kweli. Ningeifuta, lakini ni lini mimi nimejiona hivyo? Nikaiweka katika akiba, na Jumatano nikaituma kwa haraka bila kufikiri.

Akapiga simu hapo hapo.

"Nani kakupiga?"

"Nimejipiga, baba Cindy."

"Picha hii imepigwa na mtu, mama Cindy. Mtu aliyekuwa na wakati."

Nilikuwa nyuma ya studio, nimeshika ndoo ya maji bila sababu. Nilimwapia kwa jina la Cindy kwamba hakuna mtu, na ilikuwa kweli. Akasema nisimfanye mjinga, akakata. Wiki ile alinitaka picha mara sita kwa siku.

Tangu hapo nikaanza kupiga vibaya. Lenzi nilikuwa naipaka mafuta ya nazi kidogo. Simu niliilaza upande, saa ikabaki kwenye kona, nikajikata nusu ya paji la uso, nikauweka mlango wazi nyuma yangu niwe kivuli chenye leso. Kuharibu picha kwa ustadi huku saa ionekane na vidole vihesabike si jambo dogo. Kahindi akatulia. Akaanza kunicheka, na kicheko chake kikawa ulinzi wangu. Nilikionea uchungu, lakini nilikilea kama kuku wa mayai.

Juzi Jumanne, mteja wetu Salha alituita Utange tukampigie madera mapya kwake, kwa sababu anapenda geti lake lionekane nyuma. Ni geti la njano, na fundi alimchorea samaki mkubwa wa buluu, mkia juu. Nilipofika kwenye dera la kijani lenye maua meupe Salha akaniharakisha.

"Hilo lipige upesi, mwanangu. Wallahi limekwisha kununuliwa, na jirani yangu wa hapo mbele hana subira. Mumewe karudi leo, na yeye akirudi mtaa mzima twala viazi vya bara."

Tukacheka. Nikalipiga, nikalikunja, nikaliweka kando. Nyumba ya mbele niliiona bila kuitazama: mlango, kamba ya nguo, mtu anaimba ndani.

Alhamisi mwalimu wa Cindy alitaka kila mtoto alete picha ya baba yake akiwa kazini. Nikamwandikia Kahindi, ambaye tangu Jumanne alikuwa Malaba kwenye foleni. Kama saa tano hivi ikaingia picha: Kahindi kifuani kwenda juu, amevaa miwani yake myeusi ya safari, nyuma yake mlango mwekundu wa lori. Chini ameandika, "Malaba. Foleni imelala. Mwambie mwanangu baba anamtafutia."

Nilikuwa studio. Nikaona heri niitengeneze kabisa niichapishe. Uso ulikuwa na kiza, nikaupandisha mwanga. Miwani ilimfanya aonekane mtu wa kutisha watoto, nikataka macho yaonekane japo kidogo, nikaisogeza karibu, nikapandisha mwanga tena.

Macho hayakuonekana. Ndani ya kioo cha kushoto kulikuwa na njano. Nikaendelea, kidogokidogo, kama chumvi. Njano ikawa geti. Kwenye geti kukawa na kitu cha buluu kilichopinda, mkia juu. Na mbele ya geti alisimama mwanamke, viwiko nje, mikono yote miwili ameiinua mbele ya uso kama washikavyo simu watu wanaojua kuishika isitikisike. Amevaa kijani, na kwenye ile kijani kuna maua meupe ambayo mimi mwenyewe niliyapiga picha Jumanne.

Lynnette akapita nyuma yangu na glasi ya chai.

"Hiyo imetulia. Nani amempiga?"

"Simjui," nikasema.

Sasa nikajua kwa nini video haitaki. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka. Nilishika simu nimpigie. Nimwambie nini? Nimwambie, baba Cindy, uko Utange, mbele ya geti la Salha lenye samaki? Angeanza na swali moja tu, na kwa ile sauti yake ya upole. Mama Cindy, wewe geti hilo umeliona lini? Jumanne, saa nne, nilipokuwa nyumbani nimekuonyesha vidole vinne chini ya saa. Na dera umelijuaje? Na miwani umeifunguaje, wewe usiyejua kupiga picha?

Wazee wangeitwa. Yeye angesema mke wangu alikuwa akitoka, na ushahidi ningekuwa nimeuleta mwenyewe mkononi. Mwanamume mwenye nyumba mbili kwa wazee si habari. Mwanamke asiye nyumbani ni habari, na Cindy angelala kwa bibi yake siku hiyo hiyo.

Simu ikalia mkononi mwangu. "Na wewe? Nionyeshe vidole viwili."

Kutoka studio hadi kwenye geti lile hata nusu saa kwa miguu haifiki. Yeye alikuwa Malaba, mimi nilikuwa sebuleni, na sote tulikuwa hapa. Nikafungua akiba. Vidole viwili, saa tano na dakika kumi, leso nyekundu, kichwa kimekatwa. Nikaituma.

"Haha. Mke wangu," akajibu. "Kichwa umekisahau wapi?"

Ile picha ya miwani niliirudisha ilivyokuwa, kiza juu ya kiza, nikamchapishia Cindy. Aliibandika kwenye daftari na kuandika chini yake kwa kalamu nyekundu, MALABA, kama nilivyomwandikia.

Jumamosi mchana akarudi. Tulisikia kigeti, Cindy akamkimbilia, nami nikasema shikamoo zangu zote za mke na kumpokea mzigo. Ulikuwa ni gunia la viazi, nusu. Akaeleza mahali alipolinunua huko bara, jinsi mama mwenye viazi alivyombembeleza, jinsi mvua ilivyokuwa ikinyesha. Alieleza vizuri. Niliviosha viazi vile kimoja kimoja, nikavimenya, nikavipika, nikala pia, maana njaa haijui aibu.

Baada ya chakula akamketisha Cindy pajani na kuvaa ile miwani kumchekesha. Akaninyooshea simu yake.

"Tupige, mama Cindy. Mtoto aone baba amerudi."

Nikaipokea. Walikuwa wamekaa kando ya dirisha. Mwanga ulimlalia mtoto shavuni, na Cindy alikuwa amemwinulia baba yake uso kwa furaha ambayo sitaweza kuizuia wala sitaki. Katika vioo vya miwani nilijiona mara mbili, mdogo, viwiko nje, simu imetulia. Nilijua hatua moja kushoto ndiyo ingetosha, na ingekuwa picha ya kukaa ukutani miaka arobaini. Nilitaka kuipiga. Nilitaka sana.

Nikapitisha kidole chenye mafuta ya kupikia juu ya lenzi, nikashusha viwiko, nikainamisha simu, nikabonyeza. Kahindi akaichukua, akaitazama, akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Kwake hakukuwa na kichwa, na kwa Cindy kulikuwa na ukungu.

"Wewe picha huzijui hata kidogo," akasema.

"Sizijui," nikamjibu, nikaenda kuosha vyombo.