Mita Thelathini na Mbili za Gehandu

Judica alichoka kukodoa macho. Kazi yake katika ofisi ya jumuiya ya maji, Katesh, ni kutunza ratiba za mgao kwa Git, programu inayoonyesha kila badiliko: mstari uliofutwa kwa nyekundu, ulioongezwa kwa kijani. Jua likipiga dirishani, nyekundu haisomeki. Jumatatu akaibadilisha kuwa njano. Lakini kila alipopeleka matokeo kwenye programu nyingine, rangi zilitoweka. Akafanya hivi, akafanya vile, wapi! Mwishowe, kwa hasira, akaiamuru Git itoe rangi daima, liwalo na liwe.

Alhamisi akaingia Mzee Bura wa kijiji cha Gehandu, suruali imejaa udongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtaro tumemaliza. Bomba liko wapi?"

"Mtaro gani tena?"

Mzee akamnyooshea simu. Ujumbe wa jumuiya ulisomeka: "[32mGehandu: maji Jumatano asubuhi."

"Mita thelathini na mbili," mzee akasema. "Si tuliomba bomba lifike kwenye birika la ng'ombe? Tukajua mmekubali."

Judica akampigia Hamis, mwenzake aliyetengeneza mfumo wa kutuma ujumbe.

"Hamis, umeharibu nini kwenye meseji?"

"Mimi? Sijagusa kitu tangu Idi." Alipoelezwa, akacheka mpaka akakohoa. "Dada, hiyo ni alama ya kijani. Kompyuta inaigeuza rangi, simu inaiandika ilivyo. Meseji zinachukua mistari kutoka Git. Nani kaiambia itoe rangi kila mahali?"

Judica alikata simu, akairudisha Git itoe rangi kwenye kioo cha kompyuta tu, akajitumia ujumbe wa majaribio. Ukaja safi. Angeweza kulia.

"Mzee, samahani sana. Ile haikuwa mita. Ni rangi ya kijani."

"Rangi?"

"Ndiyo, mzee."

"Tumechimba rangi?" Mzee Bura akakaa kwenye benchi. "Kijana wetu Yohanes kavunja sululu kwenye mawe. Hayo utakuja kuwaambia mwenyewe."

Judica akaenda Gehandu, akawaambia wanakijiji. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Alipowaomba waufukie mtaro, ng'ombe wasije wakavunjika miguu, walikataa katakata: mtaro unangoja bomba. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Benedikta, alimgombeza Judica wiki nzima, kisha akatoa bomba.