Mguu wa Kushoto

"Umepungua tena," Fundi alisema. Hakuwa anamwambia Nanga, aliyekaa mbele yake. Alikuwa anauambia mguu.

Mguu wenyewe ulikuwa wa udongo, wa kushoto, wa sanamu ya mwanamke aliyekaa. Fundi alikuwa ameshaondoa nailoni na vitambaa vilivyolowa, akasimama na koleo lake la kupimia, lile la chuma lenye ncha mbili zilizopinda. Alilibana kwenye shavu la mguu wa Nanga, kisha akalipeleka vilevile, bila kulifunga, hadi kwenye sanamu. Palibaki uwazi ambao kidole kingepita.

"Jana nimepima, umekaa sawa kabisa. Leo umepungua. Au ndio uzee unaniingia mikononi?"

"Muulize mwenye mguu," Nanga alisema bila kutikisa kichwa.

"Mwenye mguu kazi yake kunyamaza."

Akakata tonge la udongo, akalilainisha kiganjani, akalibandika na kulikandamiza kwa dole gumba. Nanga alisikia lile dole likizama kwenye udongo. Na papo hapo, ndani ya mguu wake mwenyewe, kitu kikambana, kama mtu amemshika kwa nyuma na hataki kumwachia. Hakusogea. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na ndiyo iliyompatia hilo jina.

Ukweli usemwe, kabla ya hapo hakuwa na sifa yoyote ya kutajwa. Ujana wake wote ulikwisha amesimama, anapiga pasi mashuka ya watu kwenye chumba cha mvuke, na aliyemtazama alikuwa anatazama shuka. Fundi alipopata kazi ya kutengeneza sanamu ya bustani ya maktaba, alitafuta mwanamke wa makamo wa kukaa mbele yake. Wa kwanza alijikuna. Wa pili alikuwa na maneno mengi. Nanga alikaa kwenye kasha la mbao, mguu wa kulia ameunyoosha, wa kushoto ameukunja mpaka ukingo wa kasha ukamkaba nyuma ya goti, akatulia asubuhi nzima. Fundi akasema hajapata kuona. Wengine wangesifiwa sauti au mapishi, yeye alisifiwa kukaa, na alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama bibi harusi.

"Unalipwa kukaa," mdogo wake alimwambia, akicheka hadi machozi. Walikuwa wanaishi wawili, na mdogo mtu alikuwa na mdomo wa pilipili. "Na mimi nitafutie basi wa kunilipa kulala."

Sanamu ilikuwa karibu kwisha. Miguu ilikuwepo, mapaja, mikono iliyolala magotini, kifua, shingo. Uso tu ndio ulibaki. Juu ya shingo palikuwa na donge lisilo na macho wala mdomo, maana Fundi alikuwa na desturi ya kuuacha uso hadi mwisho. Nanga alikuwa akilitazama lile donge kwa hamu iliyomshangaza mwenyewe. Alitaka uso wake uwe pale. Hakuna aliyewahi kuutazama kwa muda wa kutosha kuukumbuka.

Kwa hiyo mguu ulipoanza kumvimba, alinyamaza.

Si kwamba hakuuona. Kiatu cha kushoto kilianza kubana, ngozi ikawa inang'aa na ina joto, yule mshikaji asiyeonekana akawa hamwachii hata akilala. Lakini kilichomtia hofu hasa kilikuwa kingine. Kila alipofika kazini, kabla hajakaa, alikuta mguu wa udongo umeshanenepa kwa kazi ya jana. Na kila Fundi alipoongeza tonge, kesho yake wake ulikuwa umeongezeka pia. Akaanza kujiuliza ni upi unaomfuata mwenzake. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa udongo.

Jioni moja mdogo wake alimwona anavua kiatu kwa mikono miwili.

"Wewe, unanenepa mguu mmoja?"

"Umelala vibaya tu."

"Mguu haulali vibaya kwa juma zima, dada. Lete niukande." Akamwaga mafuta kiganjani, akaweka mikono, akaanza kuminya kuelekea juu. Nanga alimsukuma kwa nguvu hadi mafuta yakamwagika sakafuni. Hakujua kwa nini. Maumivu yalikuwa makali, ndiyo, lakini zaidi ya maumivu alihisi kitu mle ndani kinasikiliza.

"Kesho hospitali," mdogo wake alisema, safari hii bila mzaha.

"Kesho uso."

Kesho yake Fundi hakuugusa uso. Alipima mguu kwanza, kwa kuwa mguu ulikuwa umemkaa rohoni, na akakuta umepungua tena. Alishika tonge, akalirudisha ndooni. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alilibana koleo kwenye mguu wa kulia wa Nanga, kisha, bila kulifunga wala kulifungua, akalipeleka kwenye wa kushoto. Halikuingia. Ncha za chuma ziligota kwenye ngozi.

"Mama wee," alisema taratibu. "Kumbe si mimi ninayekosea."

"Endelea na kazi, Fundi."

"Siku zote hizi nimekuwa nikiubandika ugonjwa." Aliitazama mikono yake kama imemfanyia jambo bila ruhusa. "Mikono imeona, mimi nimelala. Na wewe ulikuwa unajua?"

Nanga alitazama donge juu ya shingo. "Kimebaki uso tu," alisema. "Ukinipeleka hospitali watanilaza, wewe utaleta mwingine amalizie. Miguu yangu itakaa bustanini na sura ya mtu mwingine."

"Sitaleta mtu. Uso wako nitaungoja. Inuka."

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda chembamba, chumba kimewekwa giza, daktari mwanamke akampaka mafuta ya baridi nyuma ya goti na kupitisha kifaa kidogo cha kupigia picha. Kwenye kioo cha mashine yalionekana maduara mawili meusi, kubwa na dogo.

"Huu mshipa mdogo ni wa kupeleka damu. Huu mkubwa ni wa kuirudisha juu," daktari alisema. "Nikibonyeza, wa kurudisha unatakiwa kufumba. Tazama wa mguu mzima kwanza."

Alibonyeza mguu wa kulia. Duara kubwa likafumba kama jicho, likafumbua. Alipohamia wa kushoto na kubonyeza, jicho halikufumba. Alibonyeza zaidi. Lilibaki wazi, kijivu katikati, likimtazama Nanga.

"Kuna nini humo?"

"Bonge la damu. Kuna aliyeukanda mguu huu?"

"Mdogo wangu alianza. Nikamzuia."

"Ulijiokoa. Lingekatika kipande, kingepanda hadi mapafuni, na huko watu wanaanguka wakiwa katikati ya maneno."

"Lakini sijaumia mimi. Sijajikata. Damu inagandaje bila kidonda?"

Daktari alifuta mafuta kwa karatasi, akavuta kiti. Alikuwa mtu wa kueleza, na pengine aliona kwamba huyu mama ni wa kuelezwa. "Ndani ya damu kuna vitu vidogo mno, tunaviita chembe sahani. Ukijikata, zenyewe ndizo za kwanza kufika. Zinanata kwenye tundu, zinaitana, zinaziba. Sasa wewe umekaa, mguu umekunjwa, ukingo umekaba, damu imetulia kama maji ya mtaroni. Mshipa haupendi utulivu huo. Kuta zake zinabadilika, zinaanza kushika vinavyopita. Chembe sahani zikija zinanata hapo, ingawa hakuna tundu. Zinaita chembe nyeupe, chembe nyeupe zinatega nyavu, nyuzi zinatanda, na damu nyekundu inayopita taratibu inanaswa humo humo. Bonge linakua kidogo kidogo."

"Linabandikwa," Nanga alisema.

"Naam. Siku hadi siku."

"Na nani anaziambia ziache?"

"Huyo ndiye tunayemtafuta," daktari alisema, akaandaa sindano.

Walimchoma sindano za tumboni, wakampa vidonge vya kuzuia bonge lisiendelee kukua. Dawa haziliyeyushi, daktari alisema, mwili wenyewe utalila polepole, na mpaka hapo hatari haijaondoka. Akamwamuru atembee. Mtu ambaye sifa yake pekee ilikuwa kutulia akaambiwa utulivu ndio adui, naye akazunguka wodi kwa utii, akishikilia kuta, wagonjwa wenzake wakimtania kwamba anatafuta mlango wa kutorokea. Uvimbe ulianza kupungua. Yule mshikaji akalegeza mkono.

Siku aliyoruhusiwa, mdogo wake alitaka waende nyumbani moja kwa moja. Nanga akasema anapita kwa Fundi kwanza.

"Ukakae tena?"

"Nikasimame. Uso hauhitaji kukaa."

Karakana ilikuwa na harufu yake ileile ya udongo mbichi. Fundi alifurahi hadi akakosa pa kuweka mikono. Mguu wa kushoto wa sanamu alikuwa ameukwangua, sasa ulilingana na wa kulia. Uso hakuugusa, donge lilikuwa vilevile.

"Umetimiza ahadi," Nanga alisema.

"Ahadi nimetimiza. Ila nisingekaa bure, nikaona nisawazishe kifua." Fundi alikuna kidevu, akaacha alama ya udongo. "Kimenitesa, sikufichi. Upande wa kulia, hapa chini ya titi. Kila asubuhi nakikuta hakiko sawa, kama kimebana. Naongeza, kesho yake kimebana. Na wewe hukuwepo, sina hata pa kupimia."

Mdogo mtu, aliyesimama mlangoni, aliacha kutafuna.

Nanga aliweka kiganja kwenye mbavu zake za kulia. Alivuta pumzi polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akitafuta ilipo ya mwisho. Ilishuka vizuri. Halafu, karibu na chini, ikachoma, kidogo tu, mahali padogo.

"Fundi, nawa mikono," alisema. "Tunarudi hospitali."

"Na uso?"

"Twende."

Mdogo wake alimshika mkono, Fundi akatangulia kutafuta gari, mikono inamchuruzika maji. Hakuna aliyekumbuka kufunika sanamu. Nanga aligeuka mara moja tu, akiwa ameshavuka kizingiti, akaiona kupitia dirishani: mwanamke asiye na uso, mikono magotini, kifua kimeinuka kama cha mtu aliyeingiza pumzi na bado hajaitoa.