Mbuzi Wawili wa Tonton Médard

Stéphanie alitangaza jambo lake tukiwa tunachambua pondu, majani ya muhogo ya jioni. Amepata kazi, alisema. Kupokea wageni katika hoteli moja ya Kampala wakati wa CAN, ile mipira ya Afrika nzima. Papa Hugues, mwenye kutoa hiyo kazi, atawapeleka kwa barabara, yeye na wasichana wengine. Nauli, chakula, yote juu yake.

"Contrat iko wapi?" nikauliza.

"Tutasaini kule, maman."

"Na pasipoti?"

"Nilishamupa. Anachunga yeye, isipotee."

Wiki ileile watu wa serikali walikuwa wamepita sokoni na kipaza sauti, wakieleza jinsi wauza watu wanavyovizia mashindano makubwa. Walibandika namba yao ya simu kwenye kibanda changu cha mawese. Ningeweza kusema hapana. Lakini binti mkubwa ukimwambia hapana jioni, asubuhi unakuta kitanda kitupu.

"Bon," nikasema. "Kwetu mutu hachukui mutoto barabarani. Aje kwanza nyumbani, familia imuone."

Kisha nikapiga ile namba. Sikutegemea jibu. Alijibu mama mmoja, Madame Simone, akauliza tu huyo Hugues atakuja saa ngapi.

Jumapili Hugues alifika na suti ya bluu, manukato yakimtangulia. Madame Simone alikuwa mkekani, amejifunga kitenge changu, anamenya ndizi pamoja na dada zangu kama tantine yeyote wa ukoo. Wenzake wawili wa ofisini walikuwa ng'ambo ya barabara wanakunywa soda.

Kila mtu wa nyumbani alijua la kufanya, isipokuwa Stéphanie mwenyewe na kaka yangu Médard. Médard alitoka moja kwa moja kwenye mitego yake ya samaki kule maporomoko ya Wagenia, akakuta kijana mwenye suti, binti amependeza, familia imekaa duara. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Akaelewa kile ambacho tonton yeyote wa hapa, mjomba wa binti, angeelewa: posa.

"Karibu, mukwe!" akasema, akavuta kiti cha katikati. "Familia yako iko wapi? Unakuja kuoa peke yako kama yatima?"

"Tonton, haiko—" Stéphanie akaanza. Nikamkanyaga mguu.

Hugues alicheka. Gari lake lilikuwa linaondoka alfajiri, na mzee huyu alionekana kuwa mtu wa kumalizana naye upesi.

"Papa, munaomba nini?"

"Mbuzi mbili," akasema Médard bila kufikiri. "Na suti yangu. Ya rangi kama hiyo yako."

"Nitatoa pesa ya mbuzi sasa hivi. Ya suti pia." Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya begi. "Lakini leo muniachie binti, tumalize."

Dada zangu waliacha kumenya. Stéphanie alikuwa anautazama ule mkono.

"Ngoja. Unanioa?"

"Mais non! Wewe ni mufanyakazi wangu."

"Alors mbuzi ni ya nini? Patron gani anamulipa tonton ili apate mufanyakazi? Mushahara ni wangu. Hii yako ni kununua."

"Ma chérie, ni zawadi tu..."

"Leta pasipoti yangu."

Hugues alifunga begi, akainuka. Madame Simone naye akainuka, kisu cha ndizi mkononi, akajitambulisha kwa cheo chake chote. Hugues akatimua mbio mpaka barabarani, na wale wawili wakaweka chupa chini bila haraka, wakamdaka. Ndani ya begi walikuta pasipoti ya Stéphanie na za wale wasichana wengine.

"Mukwe gani huyu anakimbia?" Médard alifoka. "Mbuzi mbili tu!"

Tulicheka mpaka Madame Simone akarudi kukaa mkekani. Stéphanie hakucheka mara moja. Alipokea pasipoti yake, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaivuta kuona kama fundo limekaza.

"Madame," akauliza, "kazi za kweli za CAN mutu anazijuaje?"

"Pita ofisini kesho, nitakuonyesha."

"Nitamusindikiza," nikasema.

"Hata mimi," akasema Médard. "Lakini huyo patron wa kweli, mbuzi atatoa ao hapana?"

"Hapana!" akajibu Stéphanie, na hapo ndipo alipocheka.