Nati za Miguu ya Jiko

Bolti ya mguu wa jiko ilizunguka bila kutoka. Kitinda aliikomalia kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, nayo ikawa inazunguka tu, haipandi wala haishuki, kama inamkejeli.

"Mama, hii nayo vipi?"

"Inazunguka na nati yake," alisema mama yake bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu alivyokuwa akimenya. "Nati imo ndani ya bomba. Utaishikaje, na kidole hakiingii?"

Mtaani walimwita Mama Makaa, na jina hilo alipewa na hilo hilo jiko la kuchomea nyama. Fremu yake ilikuwa ya mabomba ya chuma ya mraba, kazi ya marehemu mumewe, mchomeleaji, aliyeiunga pale pale uani pembeni mwa tangi la maji. Kwa kuwa ujia wa kutokea barabarani ulikuwa mwembamba, mtu mnene anapita ubavu, aliifanya miguu iwe ya kufungua. Kila kona alitoboa tundu kwenye bomba, akaingiza nati yenye kola, ile ambayo ukiikaza inavimba kwa ndani na kulishika bomba lenyewe. Mkewe ndiye aliyemshikia spana. Tangu hapo jiko lilikula moto, likanywa mafuta, na Kitinda kila likitikisika akalikaza kwa nguvu za fahali, hadi kola zikachoka kushika.

Sasa Kitinda alikuwa amepata kibanda karibu na kituo cha mabasi, mahali pa watu, na chumba kimoja nyuma yake. Angehama na mkewe na jiko. Mama Makaa alipouliza yeye angekuwa wapi, alijibiwa "tutaona," na aliyejibu aliangalia pembeni. Kwa hiyo bolti zile kuzunguka bure kulimpa usingizi mzuri kuliko dawa. Jiko lisipopita kwenye ujia, mtoto haendi popote.

"Basi," Kitinda alisema, akiitupa spana chini, "kesho naleta mtu wa msumeno. Tukate miguu, tutachomelea mingine huko huko."

Kisu kilisimama katikati ya kitunguu.

"Ukate nini?"

"Miguu, mama. Ni chuma tu."

"Chuma tu! Baba yako aliipiga msasa kwa mkono mpaka ukucha ukang'oka, leo ni chuma tu." Alijifuta mikono kwenye khanga. "Nenda dukani ulete nati za kola. Nitazibadilisha mwenyewe."

Mshona nguo wa chumba cha pili, aliyekuwa amechomoza kichwa dirishani tangu mwanzo, alingoja Kitinda atoke. "Mwenzangu, una akili zako zote? Wanakuhama, na wewe unawafungia mizigo!"

"Shona nguo za watu," Mama Makaa alimwambia.

Kitinda alirudi na nati nyeupe, nyepesi kama vifuniko vya chupa. Mama yake alipima moja kiganjani, akairudisha kwenye mfuko.

"Hizi alumini. Juu ya moto zitalainika kama siagi. Kabadilishe, ulete za chuma."

"Muuzaji kasema ni zile zile."

"Muuzaji anachoma nyama?"

Akaenda tena, akinung'unika. Mama Makaa alibaki akijishangaa. Alumini zingemtosha kabisa mtu mwenye hasira zake. Lakini mdomo ulikuwa umeshasema.

Walilipindua jiko chini juu. Mkwe wake, mke wa Kitinda, akachuchumaa na koleo, kazi yake kubana kichwa cha bolti kisizunguke, huku Mama Makaa akikikazia bisibisi kwa chini na kukitoboa kwa drili ya kuazima. Vumbi la chuma liliwarukia mapajani. Kichwa kikakatika, mguu ukaachia, na kipande cha nati kikaangukia ndani ya bomba, kikalia ngarangara kama jino ndani ya kopo. Waliinamisha fremu kukitoa kwa mwisho wa bomba. Kisha nati mpya: bolti ya kuvutia, yenye wosha na nati nyingine ya kuivuta ile ya kola mpaka ivimbe, ikaingizwa katika ile ya kola, ikasukumwa tunduni.

"Shika hii spana, isisogee hata kidogo. Mimi nazungusha hii ya chini. Ikisogea, meno yameliwa."

"Utajuaje imeshika, mama?"

"Mkono unaambiwa. Inakuwa nzito, inakuwa nzito, halafu inasimama. Hapo unaongeza kidogo sana, unaacha. Ukiacha mapema, kwa macho imeshika, lakini itakaa siku chache tu na kuachia."

Ya kwanza ikashika, na ya pili. Mkwe alikuwa mwepesi wa kuelewa, na hilo lenyewe lilimkera Mama Makaa. Afadhali angekuwa mzembe. Kwenye ya tatu alimuuliza, bila kuacha kuzungusha:

"Huko kwenu, godoro langu mmepanga kuliweka wapi?"

Mkwe aliitazama spana yake. Akaishika upya.

"Mama, chumba ni kimoja."

"Najua ni kimoja. Nimeuliza godoro."

"Kitinda alisema atakwambia mwenyewe." Sauti ilikuwa imeshuka. "Alisema utakaa kwa dada yake. Ameshaongea naye."

Dada mtu aliishi na mume asiyemsalimia hata mama mkwe wake. Mama Makaa aliitoa bolti ya kuvutia, akaifuta, akahamia kona ya nne. Alijikaza kisabuni. Kitinda alikuwa ujiani akipima upana kwa kamba, akipiga mluzi.

"Na mchomaji anakaa upande gani wa jiko?" Mama Makaa alimuuliza mkwe.

"Nani?"

"Wewe. Mkichoma, unasimama wapi?"

"Hapa hapa," mkwe alisema, akaonyesha kona ya nne. "Napenda huku, moshi hauji."

Mama Makaa alianza kuzungusha. Ikawa nzito. Ikazidi. Mkono wake ukasimama kabla nati haijasimama. Hapo ndipo ingeonekana imeshika. Siku moja, jiko limejaa makaa mekundu, mguu huu ungelegea, na makaa yote yangemwagikia mapaja ya mtu anayependa huku kwa sababu moshi hauji. Nani angejua? Kitinda angesema ni uzee wa chuma. Wangerudi uani, kichwa chini.

Alikaa hivyo, spana mkononi, jasho likimwingia machoni.

"Mama? Imeshika?"

"Bado."

Akamalizia. Ikawa nzito, ikasimama, akaongeza kidogo sana, akaacha. Alihisi kinywa kichungu kama mtu aliyetafuna majani ya dawa.

Waliijaribu miguu. Kitinda alilikalia jiko, akalitingisha, akacheka kwa furaha. "Halisogei! Mama, hizi zitakaa mpaka lini?"

"Mpaka mje mnizike. Hazitalegea tena."

"Basi safi, hatutakusumbua tena."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Mkwe alimkanyaga mguu, yeye akauliza, "Nini?"

Waliifungua miguu, safari hii kwa mkono tu, bolti zikitoka laini. Fremu ikapita ujiani bila kugusa ukuta. Mkwe akarudi kuaga, akanyoosha mikono amkumbatie.

"Nina grisi," Mama Makaa alisema, akarudi nyuma hatua moja. "Nenda. Gari la watu linangoja."

Mshona nguo alifungua dirisha, akaona uso wake, akalifunga. Baada ya kitambo kidogo mteja akaingia uani, mzee wa kila siku, akatazama huku na huku.

"Mama Makaa, leo hakuna nyama?"

"Wamehamia kituoni," alisema. "Kawaulize wao."